Mtoto wa miaka 6 na filamu za mashujaa: je, alama ya umri inatosha?

SWALI: Nina mtoto wa kiume wa miaka 6 na dada yake wa miaka 10. Wote wamekolea filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na sasa wanaililia Avengers: Infinity War kwa kuwa wenzao wameiona. Imeandikwa PG-13, ila naambiwa haina damu nyingi. Baba yao anasema ni mchezo tu. Niwaruhusu? Na filamu nyingine za aina hii nizipimeje?
Mama wa wawili

JIBU: Mama, kwa huyu wa miaka 6 nasema bado. Dada yake anaweza kuitazama, ukiwa umeketi naye.

Alama ya PG-13 ilianza kutumika Marekani mwaka 1984. Ni onyo kali kwa mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka 13, si katazo. Wanaoitoa huangalia ukatili unaoonekana, matusi, uchi na dawa za kulevya, na ndiyo maana mji mzima unaweza kubomolewa na filamu ikabaki PG-13, mradi damu isitiririke. Tena wapimaji wenyewe hawakubaliani: The Batman ya 2022 ni PG-13 Marekani, lakini Uingereza iliwekwa kwenye 15, yaani si ya walio chini ya miaka 15. Ukiona R, alama ya Marekani iliyo kali kuliko PG-13, kama ilivyo kwa Deadpool (2016) na Logan (2017), usidanganyike na vazi la rangi. Hizo ni za watu wazima.

Alama haipimi hofu ya mtoto wako. Mtoto mdogo huogopa anachokiona kwa macho, na mkubwa huogopa kinachoweza kutokea. Mtafiti Joanne Cantor alikuta watoto wa chekechea wakitishwa na The Incredible Hulk, mfululizo wa televisheni ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ingawa Hulk ndiye mwema wa hadithi. Walichokiona wao ni mtu anayegeuka dubwana. Wema wake haukuwa na sura ya kuonekana. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa umri huo “ni uongo tu” hakumfikishi mbali. Ataikariri sentensi hiyo huku amejifunika shuka gubigubi. Afadhali umkumbatie, uzime, na siku nyingine umwonyeshe jinsi mwigizaji anavyopakwa rangi hadi awe dubwana.

Sasa itazame Infinity War kwa macho yake. Mwishoni nusu ya viumbe hai wote wanageuka vumbi. Spider-Man, ambaye huenda mwanao ana fulana yake, anatoweka mikononi mwa Tony Stark (Iron Man) akisema hataki kuondoka. Damu hakuna hapo. Shujaa ameshindwa, filamu imekwisha, na suluhisho limewekwa kwenye filamu nyingine. Wa miaka 10 ataudhika, kisha atangoja. Wa miaka 6 ataenda kulala na lile vumbi.

Baba yao ana hoja, lakini nusu. Kujifanya shujaa hakuna ubaya: katika jaribio moja, watoto wa miaka 4 na 6 walioambiwa wajifanye mhusika kama Batman waliendelea na kazi ya kuchosha kwa muda mrefu kuliko waliofikiria nafsi zao tu. Upande wa pili, utafiti wa Sarah Coyne na wenzake uliotoka 2017 ulihusu watoto 240 wa umri wa chekechea. Waliozama zaidi katika mashujaa walikuwa wagomvi zaidi mwaka mmoja baadaye, na hawakuwa wepesi zaidi kumtetea mwenzao anayeonewa. Mimi hilo halinishangazi. Ngumi inaonekana na kusikika, ila sababu ya ngumi hutajwa mara moja, katikati ya maongezi marefu ambayo mtoto huyatumia kuomba maji.

Ndiyo maana nakushauri uitazame mwenyewe kwanza, angalau nusu saa ya mwisho. Angalia kama anakufa mtu ambaye mtoto anampenda, hasa mzazi, na kama aliyeumizwa anaonekana akiumia au anasahaulika. Mkishatazama pamoja, muulize: “Kwa nini alimpiga?” Akijibu “kwa sababu ana nguvu,” rudini kwenye filamu nyepesi.

Kwa kuanzia, The Incredibles (2004) ni PG, onyo jepesi kuliko PG-13, na inaeleweka kwa wadogo, ila kaa karibu pale makombora yanapoifuata ndege yenye watoto. Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018) nayo ni PG, lakini ami wa Miles, kijana shujaa wa filamu, anauawa, kwa hiyo dada atangulie kuiona.

Na kwa kuwa hao wawili wanatumia skrini moja, mpe huyo binti muda wake, mdogo akiwa amelala. Kama mnatazama kwa intaneti, fungua wasifu (profile) wa kila mtoto, na wa mkubwa ufungwe kwa namba ya siri. Binti atasimulia mwisho tu, huwezi kumziba mdomo. Lakini hadithi ya kusimuliwa na dada, inayoweza kukatizwa kwa maswali, haimkai mtoto kichwani kama picha.