Kwa Nini Wanakaa Ukishika Fidla

Mwanangu mpenzi,

Waalaykumu salaam, na marahaba. Barua yako mama yako alinisomea kwanza kwa sauti, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Unasema tangu uingie kwenye kile kikundi cha kidumbaki, muziki wetu wa kucheza shughulini, huko Dar es Salaam mambo ni mazuri mpaka zamu yako inapofika. Yule mzee wenu akiwa na fidla wanawake wote wako uwanjani. Wewe ukiipokea, nyimbo mbili hazijapita, nusu yao washarudi mkekani. Noti zako ziko sawa, nyuzi umezikaza sawa, na walimu wako wa skuli ya muziki hawakuwahi kukulalamikia. Ukaniuliza: "Baba, wanasikia nini kwangu wasichokipenda?"

Hakuna wasichokipenda, mwanangu. Unawapa kitu cha kusikiliza, nao wanakaa wakisikilize.

Wewe umelelewa na taarab. Taarab ya asili hapa Unguja ni muziki wa kukaa tangu zama za Sultani Barghash, na ndivyo ulivyobaki kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa 1905. Viti vimepangwa, vyombo kama kanuni, udi na nai viko mbele, fidla kundi zima zinasema neno moja kwa pamoja. Mtu akiguswa na shairi anainuka kwa madaha, anakwenda kumtunza mwimbaji, anarudi kitini kwake. Fidla ya namna hiyo inalia kwa upinde mrefu, sauti haikatiki, na kila pengo baina ya maneno linajazwa. Umejifunza hivyo na umejifunza vizuri. Nilipokusikia Ngome Kongwe nilijua kwamba mkono wako utafika mbali. Lakini upinde huohuo ukiupeleka kwenye kidumbaki, unamwambia bibi aliyekwisha kufunga kanga kiunoni: subiri kwanza, nisikilize mimi.

Kuna watu wanaosema kidumbaki ni taarab iliyokosa pesa. Ni kweli ilikulia Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kwa watu wasioweza kuita okestra nzima yenye akodiani na fidla tano, wakatosheka na fidla moja, sanduku la kamba, vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo za udongo, vijiti vya mkwasa na cherewa za kutikisa. Ila wasiichukulie kuwa ni taarab iliyopungua. Mtazame Makame Faki. Mtu mmoja, sauti moja ile waliyoiita ya zege, aliimba taarab na okestra ya Culture Musical Club na pia aliongoza kidumbaki cha Sina Chuki. Kule akiimba shairi kwa mpango wake, ubeti kwa ubeti, okestra ikimjibu. Huku nyimbo ni zilezile wanazozijua watu, lakini akizifunga moja nyuma ya nyingine bila kusita, na uwanja ndio uliomwambia ahamie wapi. Ndiyo maana nasema hazishindani. Kazi zao ni mbili tofauti.

Basi nikueleze kazi ya fidla kwenye kidumbaki, kwa maneno ya mtu aliyekaa upande wa sanduku maisha yake.

Kwanza, anza na sanduku. Najua utasema baba anajipendelea. Lakini litazame vizuri litakapopigwa. Sanduku limepinduliwa chini, mguu wa mpigaji umelikandamiza lisiruke, mti umesimama pembeni, na kamba imetoka katikati ya sanduku ikapanda mpaka kichwani mwa mti. Mimi nikitumia mshipi mnene wa kuvulia. Mkono mmoja unauvuta mti nyuma, kamba inakaza, sauti inapanda. Ukiulegeza, inashuka. Mkono mwingine unaipiga kamba. Hakuna alama ya kukuonyesha noti iko wapi. Ni bega na sikio tu. Sauti yake haina makali ya kuzionyesha noti zote unazozisoma wewe. Ina chini, ina juu, na baina yake ina njia. Wanawake hawaisikii kwa masikio, wanaisikia nyayoni, na hapo ndipo wanapojua kiuno kiende lini. Wewe ukimwaga noti nyingi juu ya ule mgoto wa chini, unakuwa kama mgeni aliyelala kwenye mkeka wa watu sita. Punguza. Acha pigo la sanduku literemke, lifike chini, ndipo uje wewe.

Usiku mmoja jaribu hivi: usipige chochote cha ziada. Mwimbaji akimaliza mshororo, mjibu kwa vipande viwili vitatu vya upinde, vifupi, kisha nyamaza. Utaona mwenyewe kwamba vidumbaki vinaanza kusikika. Vilikuwa vinapigwa siku zote, ila ulikuwa umevifunika.

Pili, usingoje wimbo uishe. Huku hauishi. Dasta moja inaweza kwenda saa nzima, na ndani yake kuna nyimbo chungu nzima zilizoungwa. Inaanza taratibu, watu wakisalimiana, wakiamkua wenye shughuli, wengine wangali wanatafuta pa kuweka viatu. Usiikimbize hapo. Mwimbaji atapita wimbo wa kwanza, wa pili, ngoma ikichemka kidogo kidogo, na utakuja wakati maneno ya mwimbaji yatakuwa mafupi na kiitikio kitakuwa kirefu. Hapo ndipo wanawake wanachukua wimbo wao. Hapo fidla haina cha kueleza tena. Shika kipande kimoja kifupi ukirudie, tena ukirudie, na nguvu uitie kwenye upinde, si kwenye vidole. Yule mzee wenu anafanya hivyo, bila shaka, na wewe ukamdhania amechoka.

Tatu, na hili ndilo nililokaa nikaliwaza sana baada ya kusoma barua yako. Mwimbaji wa kidumbaki anatunga papo hapo. Anawaona waliohudhuria, anajua nani ana neno na nani, na anarusha kijembe bila kumtaja mtu. Nakumbuka harusi moja ya Miembeni, mwimbaji alikuwa ameona mtu amefika bila sare, amekula, na wenzake walipokwenda kuosha vyombo hakuonekana. Akaachia:

*Sare hukuinunua, shughuli umeijia,*
*Pilau unaijua, vyombo unavikimbia.*

Sasa, neno kama hilo likishatoka, linahitaji nafasi. Watu wacheke, wapige vigelegele, mwenye kugongwa ajifanye hakusikia, mashoga zake wamsukume katikati acheze. Mpiga fidla wa siku ile aliukamata ule mwisho, "unavikimbia", akaurudia kwa fidla yake, mara ya pili, mara ya tatu, fidla yenyewe ikawa inamkimbiza mtu! Uwanja ulipasuka. Hakupiga noti hata moja mpya. Ukiwa umeshughulika na mapambo yako ya vidole, neno kama lile litakupita, na likikupita wewe limewapita na wao, kwa kuwa fidla ndiyo inayowaambia: mmesikia?

Kwa hiyo jifunze maneno. Usijifunze tuni peke yake. Wewe unajua nyimbo kwa noti zake. Zijue na kwa mishororo, uweze kuitikia ungali unapiga. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alipotoka Fumba kuja mjini hakuja na okestra wala chuo. Alikuja na sauti na maneno ya Kiswahili yaliyowahusu watu, na kikundi chake cha watu wachache kikampa nafasi maneno hayo yasikike. Mpaka wakenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Ng'ambo ilisikiliza maneno kabla ya chochote kingine, na mpaka leo ndiyo tabia ya uwanja wetu.

Kuhusu vipaza sauti ulivyoniandikia: mwambie fundi wenu aanze na sanduku na vidumbaki, kisha mwimbaji, kisha wewe. Mafundi wengi wakiona fidla wanaipandisha, kwa sababu ni chombo wanachokijua. Usikubali, na uombe kwa upole, maana fundi akinuna shughuli imeharibika. Na sanduku lenyewe litazameni. Zamani tulipata masanduku ya chai ya mbao nyembamba za tabaka, mepesi, yanayotoa mngurumo kama umeliamsha. Siku hizi chai inasafirishwa kwa mifuko ya karatasi, sanduku la kweli hulipati, na seremala wanatengeneza kwa mbao nene wakidhani ndiyo imara. Likiwa zito halisemi. Mkitengeneza jipya, sisitizeni plaiwudi nyembamba, na pembe zifungwe vizuri zisitetemeke.

Ngozi za vidumbaki nazo zinalegea usiku kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo hapa tulizipasha kwa moto wa makuti au magazeti kati ya dasta na dasta. Kumbi za huko sidhani kama watakuruhusuni kuwasha moto. Basi zipasheni moto nje kabla ya kuingia, na mapumziko yasiwe marefu. Ngoma iliyolegea fidla haiwezi kuiokoa, hata ingekuwa yako.

Nimebakiwa na moja, na hili hukuniuliza, lakini nimelisoma baina ya mistari. Umeandika kwamba labda hawajazoea kumwona mwanamke na fidla. Mimi sioni hivyo. Sisi wanaume tuliopigia shughuli za wanawake tulikaa pembeni, na kwa heshima ya wenyewe tukiinamisha macho. Tulisoma miguu. Miguu ikiburuta tunajua dasta imepoa, miguu ikigonga tunaongeza moto. Zaidi ya hapo tulikuwa tunabahatisha. Wewe una ruhusa ya kuwatazama usoni. Unamwona nani anataka kuinuka na anaona haya, nani anamngoja wifi yake atangulie, nani kijembe kimemwingia. Mzee wenu, kwa ustadi wake wote, hayaoni hayo. Usizame kwenye nyuzi ukafumba macho kama unavyofanya ukipiga bashraf, ule muziki wa taarab usio na maneno. Mchague mtu mmoja uwanjani, mpigie yeye mpaka acheze vizuri, kisha umwangalie aliye karibu yake.

Usiache kupiga taarab yako ya okestra. Upinde wako mrefu utauhitaji, na mtu anayejua kujaza pengo ndiye anayeweza kuamua kuliacha wazi. Lakini Ijumaa hii, kwenye shughuli uliyonitajia ya Ilala, nenda na upinde mfupi. Kaa karibu na sanduku, bega kwa bega ikiwezekana, na mwombe mpigaji wake akuanzie taratibu.

Mama yako hajambo, goti lake limepata nafuu, na amesema nikwambie kanga zako za doti mbili zipo, akipatikana wa kuja atampa. Mimi mzima.

Ukirudi kutoka kwenye shughuli niandikie usiku huohuo kabla hujasahau: waliinuka kwenye wimbo upi, nani aliinuka mwanzo, na wewe ulikuwa unapiga nini wakati huo.

Baba yako