Maswali Yenu Kuhusu Hadithi ya Halo

Nilipoandika kwamba Halo, mfululizo wa gemu za video za vita vya wanadamu na viumbe wa anga za mbali, ina hadithi inayostahili kujadiliwa kwa uzito kama riwaya yoyote, wengi mlikuja juu, na wengine mkaniunga mkono kwa hoja nzito kuliko zangu. Nimechagua maswali saba.

Rafiki zangu wanashikilia kwamba Halo ni bunduki tu, hadithi imebandikwa juu. Nawajibuje?

Waambie wairudie misheni ya sita ya gemu ya kwanza, ile ya mwaka 2001. Mpaka hapo umeshazoea sauti ya Cortana, akili mnemba anayekaa ndani ya deraya ya Master Chief, askari unayemchezea, na kukuelekeza kila unapokwenda. Mwishoni mwa misheni ya tano anabaki nyuma, nawe unatumwa peke yako kwenye kinamasi chenye ukungu kumtafuta Kapteni Keyes, nahodha wa meli yenu. Sikio moja limekufa ganzi. Unakutana na Covenant, muungano wa viumbe wa anga ambao ni maadui wako tangu mwanzo, wanakimbia, na anayewakimbiza si wewe. Ndani ya jengo unamkuta askari wa upande wako aliyerukwa na akili, anakufyatulia bastola. Unafungua mlango, maiti inaanguka miguuni pako. Kisha unaokota kofia ya askari aitwaye Jenkins, unachomoa kumbukumbu yake na kutazama alichokiona yeye na wenzake. Video inakatika, milango inabomoka, na Flood wanamiminika: vimelea wanaoingia katika miili na kuifanya silaha.

Hakuna mtu aliyekueleza kwamba vita vimebadilika sura. Umejua mwenyewe, kwa hofu yako mwenyewe. Kipimo changu kwa mfululizo huu mzima ni hicho: jambo zito la hadithi limempata mchezaji akiwa ameshika pedi, au amesimuliwa tu? Na nikubali upande wa pili: misheni inayofuata, The Library, ni korido zilezile zikijirudia mpaka hofu yote inageuka uchovu.

Kwa nini Arbiter alichukiwa mwaka 2004, na leo anasifiwa?

Kwa sababu matangazo ya Halo 2 yaliahidi vita vya kuitetea Dunia, na mtu aliyesubiri miaka mitatu alijikuta sehemu kubwa ya gemu anamchezea adui. Hasira ile naielewa. Lakini tazama ufunguzi wake tena. Master Chief anapewa nishani mbele ya umati unaoshangilia, na wakati huohuo kamanda wa Covenant anavuliwa heshima na kupigwa chapa ya moto kwa kosa la kushindwa na huyohuyo Master Chief; kamanda huyo ndiye anayepewa cheo cha Arbiter. Ushindi wetu katika gemu ya kwanza ndio msiba wake. Tangu hapo, ukicheza kama Arbiter, unaingia ndani ya dini ya Covenant, unawasikia manabii wao wakisema uongo, na unamwona muumini wa kweli akigundua kwamba ametumiwa. Kwangu mimi ndilo jambo la kijasiri kuliko yote ambayo Bungie, watengenezaji wa gemu za mwanzo, waliyafanya. Kosa lao halisi lilikuwa mwisho: gemu inakatika ghafla mdomoni mwa jibu, na wachezaji wakangoja mpaka Septemba 2007 kupata Halo 3.

Je, ni lazima nisome vitabu ndipo nielewe?

Hapa ndipo penye jeraha lenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Vitabu vilikuwapo tangu mwanzo. The Fall of Reach ya Eric Nylund ilitoka 2001, muda mfupi kabla ya gemu yenyewe, na humo ndimo tunamojua kwamba Master Chief ni John, mtoto aliyetekwa akiwa na miaka sita na mwanasayansi Daktari Halsey ili afanywe askari, huku wazazi wakiachiwa mtoto bandia aliyetengenezwa kwa chembe za mwanao na ambaye hakukawia kufa. Ukikisoma, gemu inapata kina. Usipokisoma, hukosi kitu kinachokuzuia kuielewa.

Halo 4 ya mwaka 2012, ya kwanza kubwa chini ya 343 Industries waliopokea kazi kutoka kwa Bungie, ilibadilisha mpango huo. Adui wake, Didact, ana sababu nzito za kuwachukia wanadamu, lakini sababu hizo ziko katika riwaya za Greg Bear na katika video ulizopaswa kuzitazama nje ya gemu. Ndani ya gemu unapewa maelezo ya dakika chache kutoka kwa mkewe, Librarian, kisha unatakiwa umwogope mtu usiyemjua. Mwendelezo wake nao ukapelekwa kwenye vitabu vya katuni. Mtambaji hawezi kukatiza ngano na kumwambia anayemsikiliza akaitafute nusu yake kwa jirani.

Inaniuma zaidi kwa sababu gemu hiyohiyo ina kisa kizuri ajabu. Akili mnemba za aina ya Cortana huanza kuharibika baada ya miaka saba hivi, naye ameshafikisha minane. Unasikia sauti yake ikipasuka katikati ya maelekezo, anakasirika, anaomba radhi, na mtu mwenye nguvu kuliko wote hana la kumfanyia. Mwishoni Cortana anamgusa Master Chief kifuani kwa mara ya kwanza, na wanaagana. Kisa hicho hakihitaji ukurasa hata mmoja wa kitabu.

Halo 5 je? Tangazo lilionyesha Master Chief kama msaliti, nikanunua kwa sababu hiyo.

Ulidanganywa, ndugu yangu, na hukuwa peke yako. Ule uwindaji mkubwa wa Master Chief ulioahidiwa ulikuwa ugomvi mmoja mfupi wa ngumi. Misheni ni 15, na Master Chief unamchezea katika tatu tu. Baya kuliko hayo, walimfufua Cortana na kumfanya mtawala dhalimu, wakakifuta kile kifo nilichokitaja hapo juu.

Katika Halo: Reach tunajua tangu mwanzo kwamba sayari itaanguka. Mbona bado inauma?

Inauma kwa sababu hujui kila mmoja wa wenzako kikosini ataondokaje. Jorge anajilipua akiamini ameiokoa Reach. Muda mfupi baadaye meli za Covenant zinaanza kutokea angani, moja baada ya nyingine. Kat anapigwa risasi ya kichwa akiwa katikati ya sentensi.

Kisha misheni ya mwisho. Skrini inakupa lengo moja: ishi. Hilo lengo halitimiziki. Maadui hawana mwisho, na kioo cha kofia yako kinaanza kupata nyufa, ufa huku na ufa kule, mpaka unaona vita kupitia kioo kilichovunjika. Na kofia iliyotobolewa ikiwa mchangani ndiyo picha iliyoifungua gemu. Ulioneshwa kaburi lako saa nane kabla hujafika, ukasahau.

Mimi kama msemaji wa Kiswahili, New Mombasa ni heshima kwetu au ni pambo tu?

Yote mawili. New Mombasa ni Mombasa ya kubuni ya karne zijazo, na Halo 3: ODST ya mwaka 2009 inakupitisha usiku, mvua ikinyesha na saksafoni ikilia, katika mji uliokimbiwa. Majina ni Kizingo, Mbaraki, Kikowani, Tayari Plaza. Kuna kisa cha sauti tupu kuhusu msichana Sadie, na baba yake, mtaalamu anayeshughulikia akili mnemba inayousimamia mji, anaitwa Daktari Endesha. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilisimamisha gemu. Mtu fulani alifungua kamusi na kufikiri.

Hata hivyo Kiswahili kimebaki kwenye vibao na majina. Mashujaa wanaopigana mjini humo ni wageni, na mwenyeji anayezungumza lugha yake hana nafasi katika kikosi. Naipenda ODST kuliko zote kwa upweke wake, na bado nalidai hilo.

Nataka kuanza sasa. Nianze na ipi?

Tafuta The Master Chief Collection, imekusanya gemu sita. Fuata mpangilio wa kutoka kwake, kuanzia ile ya 2001. Usianze na Reach hata ukishauriwa hivyo, kwa sababu kofia ile haitakuambia kitu. Halo Infinite ya 2021 iweke mwisho, na ukifika huko msikilize yule rubani anayelia kwamba anataka kurudi nyumbani. Ndiye mtu pekee kwenye gemu ile anayeogopa kama sisi.