Fundi Anajibu: Keji ya rali inaanzia sakafuni

SUALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi kijana wa Mwanakwerekwe, nna Starlet ya zamani nishaivua siti zote na mazulia, nataka niitie rolikeji, ile keji ya mabomba ya kulinda walio ndani gari ikipinduka, ili mwakani inshallah niende nayo Bara kwenye rali. Nyumbani kuna mabomba ya maji ya inchi moja na nusu yamebaki kwenye ujenzi, na rafiki yangu ana mashine ya welding. Jee yatafaa? Na nianzie wapi?
Mpenda Rali, Mwanakwerekwe

JAWABU: Wa alaykum salaam mwanangu. Mabomba ya maji hayafai, nakwambia mapema kabla hujakata hata kipande. Yale yametengenezwa kupitisha maji, mengi yana mshono ubavuni, chuma chake hukijui, na yale yaliyopakwa zinki ukiyachomelea moshi wake unakulaza na homa na welding yenyewe inatoka matundu matundu. Kanuni za FIA, hao ndio wanaosimamia mbio za magari duniani, zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, na ule upinde mkubwa unaokaa nyuma ya siti ya dereva uwe kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5 au 50 kwa 2, mengine yote 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Ukienda kununua dai karatasi ya kiwandani, muuzaji hana basi ondoka. Na likunjwe baridi kwa benda, ile mashine ya kukunjia mabomba, usitie mchanga ukapasha moto, na kona isibonyee wala kufanya makunyanzi.

Sasa hilo la uanzie wapi ndilo lililonikaa rohoni. Gari yako haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo chasisi, kwa hiyo keji yote inasimama juu ya bati la sakafu, na gari ikipinduka uzito wote unashukia kwenye miguu ile. Na sisi tunaishi kisiwani, chumvi inakula gari kwa chini huku juu inang'ara. Kuna kijana aliniletea yake, rangi mpya kabisa, nikafunua zulia nikapapasa karibu na kizingiti cha mlango nikaona puti imepakwa vizuri, nikaweka bisibisi nikasukuma kwa mkono mmoja tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoichomoa unga mwekundu ukanimwagikia vidoleni. Na hapo hapo ndipo alipokuwa ashachora chaki, mguu wa keji usimame.

Kwa hiyo kabla ya bomba chukua bisibisi na nyundo ndogo upite sakafu nzima, bati zima linalia, bovu linaitika zito. Kata bovu lote mpaka ufike kwenye chuma safi, tia bati jipya, ndio uweke sahani za miguu, kila moja unene wa milimita 3 na eneo lisipungue sentimita mraba 120, yaani kama 10 kwa 12, na ikiwezekana ipande kidogo kwenye kizingiti. Ukifunga kwa boliti basi tatu kila mguu, M8, yaani nene milimita 8, na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8, hiyo ndiyo alama ya nguvu yake, usichukue za kwenye kopo la vyuma vya zamani.

Kitu kinachowashinda wengi ni kuchomelea juu karibu na paa, mkono hauingii, wanachomelea nusu ya chini tu halafu wanapaka rangi. Hiyo si keji yakhe. Toboa sakafu chini ya kila mguu, iteremshe keji yote ipite kwenye matundu, utapata nafasi ya kuchomelea mzunguko mzima, kisha ipandishe na ndio uzibe kwa zile sahani. Kila bomba lichongwe kwa tupa mpaka likumbatie mwenzake bila mwanya, na ukimaliza usiisage welding kwa grinda ili ipendeze, unaila nguvu. Rafiki yako kwanza achomelee vipande viwili vya bomba hilo hilo, mvikate katikati muangalie kama chuma kimeingia ndani, kama kimekaa juu juu tafuteni mchomeleaji mwengine. Na mkaguzi wa mashindano aione kabla hujapaka rangi.

SUALI: Fundi, gari yangu ni ya kutembelea tu, nawapeleka watoto skuli. Nikiitia keji si watakuwa salama zaidi?
Mama wa Watatu, Chake Chake

JAWABU: Hapana dada yangu, tafadhali usifanye. Dereva wa rali kavaa helmeti, kafungwa mikanda ya mabegani haondoki kwenye siti, na bomba lililo karibu na kichwa limevishwa sponji ngumu. Mtoto wako kichwa kitupu, breki moja ya ghafla anakwenda kupiga chuma, na yale mabomba ya nyuma yanapita pale pale wanapokaa wao. Pesa hizo nunua tairi nzuri na siti ya mtoto kwa yule mdogo. Na leo hii ingiza mkono chini ya siti ya nyuma uitoe mikanda, gari nyingi imesukumwa huko haionekani, uivute kwa ghafla mmoja mmoja uone kama inanasa.