Nani alipanda mti wa ndizi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa bayolojia, nafundisha Moshi. Niliwapa wanafunzi kazi kuhusu uainishaji wa ndizi zinazoota zenyewe porini. Mmoja kaandika "spishi za ndizi pori", mwingine "jamii za ndizi mwitu", na wa tatu "miti ya ndizi ya msituni". Nisahihishe vipi?

Jibu: Mwalimu, hao wawili wa mwanzo wasamehe, nitawafikia. Huyo wa tatu ndiye aliyeniachisha chai ikapoa.

Mti wa ndizi! Nausikia redioni, nausoma kwenye vitabu vya watoto wa chekechea, naukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye vibao vya wauza miche. Kiswahili kina neno mgomba. Fupi, la Kibantu, halidaiwi na mtu. Wahenga walilitumia waliposema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Halafu anakuja mtu aliyesoma, analiruka neno hilo kama dimbwi la maji, anakwenda kuchukua la Kiingereza na kulivalisha kanga. Na mwanafunzi wako yuko Moshi! Huko ambako mtoto akifungua dirisha anapigwa na jani la mgomba usoni.

Kwanza, si mti. Shika panga, kata mgomba uliokwisha kuzaa, kisha uinamie pale ulipokatwa. Utaona duara ndani ya duara, kama kitunguu, na utomvu ule unaochuruzika na kutia shati madoa ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Kile tunachokiita shina ni ala za majani zilizokumbatiana. Shina lenyewe limejificha chini ya udongo. Ubao hamna hata wa kutengenezea kijiti cha kuchokolea meno. Mpelekee seremala huo "mti" wako, umwambie akuchongee kitanda, uone atakavyokutazama. Mgomba ni jani, mwalimu, jani lililokosa adabu likawa refu kuliko nyumba.

Najua mjanja mmoja atainua mkono: "Lakini mgomba uko katika ngeli ya miti!" Kaa chini. Mchicha nao umo humo, na mpunga, na muhogo. Umewahi kusikia mtu akienda bustanini kuchuma mti wa mchicha?

Nakiri kosa lina sababu. Mwembe unazaa embe, mnazi nazi, mchungwa chungwa: ukilijua tunda, unaongeza m- mbele na mti umeupata. Mgomba haukumpa mtoto jina lake. Aliyelisahau neno hawezi kulirudisha kwa kusema "mndizi", basi anaokota la karibu. Kwa mtoto wa miaka mitano au mgeni anayejifunza lugha, nanyamaza. Kwa mtangazaji wa taarifa ya habari, sinyamazi.

Hata wakubwa wa uainishaji waliponzwa na ndizi kwa kusahau mgomba. Mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi aliyeeneza mtindo wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, aliupa mgomba jina Musa paradisiaca, na miaka sita baadaye akaongeza Musa sapientum, akidhani ameshika spishi mbili. Kumbe alichoshika ni migomba ya shambani, isiyo na mbegu, na yote miwili ni machotara. Wazazi wao wa mwituni, Musa acuminata na Musa balbisiana, walipewa majina na mtaalamu wa mimea Colla mwaka 1820. Hao ndizi zao zimejaa mbegu nyeusi ngumu za kuvunja jino, na kwao ni Asia ya kusini na kusini-mashariki. (Hilo Musa, wengi hulirudisha kwenye neno la Kiarabu mauz; wengine wanataka liwe heshima kwa Antonius Musa, tabibu wa Kaisari Augusto. Nabii Musa hahusiki, mwambie mwanafunzi yeyote atakayeuliza.)

Sasa sikiliza hili, maana ndilo litakalokusaidia darasani. Afrika haina mgomba wa jenasi Musa (jenasi ni kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) ulioota wenyewe tangu asili. Hata mchare wenu wa Kilimanjaro na matoke ya Bukoba asili yao ya mbali ni Asia. Ule mnene tunaoukuta kwenye mabonde ya milimani, wenye majani yaliyosimama kama masikio ya sungura, ni Ensete ventricosum. Kwa muda mrefu nao uliitwa Musa, mpaka mwaka 1947 mtaalamu wa migomba Cheesman alipoutoa na kuurudisha kwenye jenasi yake, Ensete. Mwaka huohuo aliigawa Musa mafungu manne. Mwaka 2013 mtaalamu mwingine, Häkkinen, akayapunguza yakawa mawili. Tofauti haiko kwenye sura tu. Acuminata na balbisiana zina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 22, fungu la pili la Musa kwa kawaida 20, ensete 18. Zaidi ya hayo, ensete hautoi machipukizi ubavuni. Unazaa mara moja, unakufa na ukoo wake, isipokuwa mbegu ziote.

Kusini mwa Ethiopia mamilioni ya watu wanauishi huo ensete, na ndizi yake hawaigusi: wanakula shina la chini na ala za majani, wanavichachusha na kuoka mkate. Huo nao utauitaje, mti wa ndizi?

Turudi kwa wale wawili. "Jamii" ifute, kwa upole. Watu huitumia kwa familia, kwa kundi, kwa lolote lililo pamoja. Kwenye uainishaji inaleta vurugu. Tuna spishi, jenasi, familia, oda, hata ngeli, ambayo wanabayolojia walituazima sisi wa sarufi bila kurudisha. "Mwitu" au "pori"? Hapo sigombani na mtu. Tuna mbwa mwitu, tuna nyamapori, na kote mnyama anang'ata. Mimi nachagua mwitu kwa sababu sikio langu limezoea.

Ila kinachoainishwa ni mmea, si tunda, kwa hiyo "ndizi" iondoke kwenye majibu yote mawili. Ule wa mabondeni kwetu uite mgomba mwitu, jina kamili la mmea mmoja. Wale wa Asia waite spishi mwitu za mgomba. Mpangilio wa maneno ukibadilika, mmea nao umebadilika, na mwanafunzi atakayeliona hilo mpe maksi mbili za ziada.

Hasira hii nililipia. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, kibao kimeandikwa "MITI YA NDIZI ZA KIENYEJI". Nikanunua mche mmoja, mnene, shingo nyekundu. Nikaupalilia, nikaumwagia samadi, nikangoja machipukizi. Mwaka wa kwanza hakuna, wa tatu hakuna. Jirani akanishauri nimwage majivu, nikamwaga. Mwaka wa sita ukatoa mkungu mkubwa mpaka watoto wa mtaa wakaja kuutazama, nami nikawaahidi kila mmoja chane yake.

Tulipomenya ya kwanza ilitoka mbegu tupu, kubwa kama punje za mahindi ya kuchoma, nyeusi, zinang'aa. Mwezi haukuisha mgomba ukalala chini. Mbegu nimezihifadhi. Bao langu lilikuwa limepungukiwa kete.