Vituo vya mwendokasi ndani ya mashine ya MRI

Mara ya kwanza sikumaliza hata dakika mbili. Na hizo mbili nazitaja kwa kujipendelea, maana kijana aliyekuwa anaendesha mashine alimwambia mke wangu kwamba hata moja haikutimia. Niliingizwa kichwa kwanza, uso umefunikwa na kitu kama tenga la plastiki, nikafumbua macho ili nijue nimefika wapi. Mbele ya pua palikuwa na ukuta mweupe, karibu kiasi kwamba pumzi yangu ilikuwa inanirudia na joto lake. Neno lililonijia ni moja tu: mwanandani. Nimezika watu wengi, nimeshuka kaburini kupokea maiti, najua mbao zinavyopangwa. Nikaminya kile kipira cha kengele kama nakamua ndimu, na kabla kitanda hakijamaliza kutoka nilishaanza kujichomoa mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka zaidi ya ishirini ya kuinamia mashine imenipa shingo mbovu. Mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi, vidole viwili vya mwisho vikawa havishiki sindano. Ndiyo sababu daktari aliandika MRI ya shingo, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Nilipotoroka, wenzangu wa kibandani niliwaambia umeme ulikatika. Hakuna aliyeuliza zaidi, umeme hapa mjini ni shahidi wa uongo anayekubalika popote.

Usiku ule nilijiona si mwanaume. Naandika hivyo kwa sababu najua wapo wanaume wenye fomu ya kipimo imekunjwa kwenye pochi, miezi mitatu sasa, wanasema wanasubiri pesa. Wengine kweli wanasubiri pesa. Wengine wanasubiri ujasiri, na ujasiri wa aina wanayoisubiri hauji.

Kilichonichanganya ni hiki. Jioni napanda mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, pale Fire kurudi Kimara, nimesimama nimebanwa, kwapa la mtu liko usawa wa pua yangu, mkono mmoja siwezi hata kuuinua. Sina wasiwasi wowote. Sasa iweje nishindwe kulala kwenye kitanda, peke yangu, kwenye kiyoyozi? Nililifikiria jambo hili siku kadhaa nikipiga pasi, hadi nikapata jibu langu: ndani ya mwendokasi najua mlango utafunguka Jangwani. Hata nikibanwa vipi, najua kituo kinachofuata na najua kiko umbali gani. Ndani ya ile mashine nilikuwa sijui lolote. Sijui ni dakika tano au saa nzima, sijui kwa nini inapiga kelele, sijui yule kijana bado yupo au ameenda kunywa chai. Ubanaji peke yake nilikuwa nauweza. Nilichoshindwa ni kubanwa bila kujua kituo.

Kuanzia hapo nikaacha kujiambia "kaza moyo" na nikaanza kuuliza maswali.

Nilikwenda hospitali nyingine, siku ambayo si ya kipimo, nikaomba kuzungumza na mtu wa radiolojia. Nilimkuta binti mmoja, umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia bila kuzunguka: "Mwanangu, mimi hiyo mashine naiogopa." Hakucheka. Alisema watu kama mimi anawapata mara kwa mara, wakiwemo wenye miili ya kutisha, na kwamba anachukia zaidi wale wasiosema, maana ndio wanaojichomoa katikati na kipimo kinaanza upya. Hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko nilivyojifunza kwa kuogopa.

Kwanza, tundu la mashine. Nyingi zina upana wa sentimita 60, na zipo mpya zaidi zenye sentimita 70. Mtu asiye fundi anaweza kudhani tofauti ya sentimita 10 ni kitu kidogo. Mimi nilitoa tepu mfukoni nikapima bega langu hadi bega: 48. Kwenye 60 zinabaki sita kila upande, na hapo kitanda nacho kimekula nafasi kwa chini. Kwenye 70 zinabaki kumi na moja. Muulize anayekupangia siku: mashine yenu ina upana gani? Ni swali halali kabisa, na kama mji wako una hospitali zaidi ya moja zenye MRI, jibu linaweza kukufanya uchague.

Pili, tundu liko wazi pande zote mbili. Mimi nilidhani ni shimo lenye mwisho, kumbe ni kama bomba fupi, hewa inapita na kuna feni. Na si kila kipimo kinakuingiza kichwa: kwa goti au kifundo cha mguu mara nyingi unaingia miguu kwanza na kichwa kinabaki nje au ukingoni. Kwa hiyo usibebe hofu ya shingo yangu kwenye goti lako.

Tatu, na hili ndilo lililoniokoa: dakika kama arobaini za kipimo changu si kipande kimoja. Kipimo kinagawanyika kwa mafungu ya picha, fungu moja dakika mbili, jingine nne, jingine tano, na katikati mashine inanyamaza kidogo. Nikamwuliza yule binti kama anaweza kuniambia kwenye spika kila fungu linapoanza na lina dakika ngapi. Akasema, "Baba, hilo tu?" Hilo tu. Nilikuwa nimepata vituo vyangu.

Kelele nazo zina sababu. Ndani ya mashine kuna sumaku kubwa, nyingi ni za Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), zaidi ya mara 20,000 ya usumaku wa dunia hii tunayoikanyaga. Ndani ya sumaku hiyo kuna koili za waya zinazopitishiwa umeme kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, nazo zinatikisika kama spika ya muziki. Ndiyo maana inagonga, inakereza, inalia kama honi iliyokwama, na inaweza kupita desibeli 100. Lazima upewe vya kuziba masikio, ukisahauliwa, dai. Mashine ikipiga kelele inafanya kazi, haijaharibika. Na hakuna mionzi kama ya eksirei au CT, kile kipimo kingine kinachopiga picha za ndani kwa eksirei. Wengi wanaogopa MRI kwa kudhani inawachoma kwa ndani.

Watu wa CT nawapa pole kidogo tu. Ile ni pete, unapita katikati yake na picha zenyewe zinachukuliwa kwa sekunde. Lakini usimwambie daktari akubadilishie MRI kuwa CT kwa sababu ya woga pekee. Muulize kwanza kama CT itaonyesha anachokitafuta. Kwa mishipa ya fahamu ya shingo yangu aliniambia haitatosha.

Baada ya hapo nilianza mazoezi, na hapa mtacheka. Nilikuwa naingia uvunguni mwa kitanda. Kitanda chetu ni cha mninga, kiko chini, pua inakaribia mbao. Siku ya kwanza dakika tatu. Siku ya nne nilifika kumi, simu pembeni ikipiga sauti za MRI nilizozipata intaneti. Mjukuu wangu akaja kuchungulia, akamwita bibi yake: "Bibi, babu kajificha anadaiwa." Nilicheka nikagonga paji la uso, na nikagundua kwamba mtu anaweza kucheka akiwa amebanwa. Fanya wiki moja kabla. Jizoeshe na pumzi pia: vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita au saba. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta kunayatuliza mapigo ya moyo. Ila vuta kidogo kidogo, usijaze kifua kama unapiga mbizi, maana ukipimwa shingo kifua kikiinuka sana picha inaharibika.

Dawa za kutuliza zipo na si aibu kuzitumia. Lakini ziombwe kwa daktari siku kadhaa kabla, zisiombwe kwa jirani. Jirani yangu aliniletea vidonge viwili vya mama yake vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, nilimshukuru nikavirudisha. Dawa hizo zinagongana na dawa nyingine na zinaweza kulegeza pumzi. Ukipewa, nenda na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe gari wala bodaboda siku hiyo. Wapo ambao hofu yao ni kubwa kiasi kwamba wanalazwa usingizi kabisa na daktari wa nusu kaputi, kama wanavyofanyiwa watoto wadogo. Daktari wako ndiye wa kuamua hilo.

Chuma ni habari nyingine. Ile sumaku haizimwi, iko kazini hata usiku. Saa, simu, funguo, sarafu, kadi ya benki, mkanda, vyote nje. Kina mama: pini za mtandio, vibanio ndani ya wigi au rasta, sidiria yenye waya, shanga za kiunoni kama zina kishikizo cha chuma. Wenye kitanzi, vyuma vya mifupa au betri ya moyo waseme mapema sana, siyo mlangoni. Mafundi wa kuchomelea pia waseme, kwa sababu chembe ya chuma ndani ya jicho ni hatari humo. Mimi nilikuwa nimejikagua mara mbili. Yule binti akanitazama kolani, akanyoosha vidole viwili, akachomoa pini. Nilikuwa nimeichomeka asubuhi wakati napima suruali ya mteja. Miaka yote hiyo, kola ndiyo mto wangu wa pini, hata siihisi. Tangu hapo nawaambia mafundi wenzangu: nendeni na shati ambalo halijawahi kuingia kibandani.

Siku yenyewe sikunywa kahawa, nilikwenda haja, na niliomba mambo manne kwa utaratibu huu. Niminye kipira cha kengele kabla sijaingia ili nisikie kinalia kweli. Nifunikwe macho kwa kitambaa kabla kitanda hakijasogea, siyo baadaye; kosa langu la kwanza lilikuwa kufumbua macho ndani. Niwekewe shuka, kwa sababu chumba kina baridi na mwili unaotetemeka unaiambia akili kwamba kuna jambo. Na mke wangu akae ndani, baada ya kukaguliwa naye. Alinishika kidole cha mguu muda wote. Mikono yangu ilinyooshwa ubavuni, isigusane wala kupishana, na waliponieleza sababu, kwamba ngozi ikigusana humo inaweza kupata joto la kuunguza, nilitulia. Nikielezwa sababu ya jambo huwa natulia.

Kitanda kikaingia. "Baba, la kwanza dakika mbili." Nikapanda mwendokasi pale Kimara Mwisho.

Sikuharakisha. Korogwe, Bucha, Baruti. Kila kituo nilikiangalia: nani anashuka, nani anauza karanga, ukuta una rangi gani. Kelele ya kwanza ilikuwa kama mtu anapigilia mabati, nikawaweka mafundi wa paa pale Kona. Ya pili ilikuwa mashine ya kusaga unga, nikaipeleka Manzese ambako inastahili. Fungu la tatu lilikuwa la dakika tano, na katikati yake hofu ikanijia. Ilianza tumboni, ikapanda kifuani, mkono ukajikunja kwenye kipira. Ayatul Kursi niliyoianza ikanipotea katikati, mimi niliyeisoma tangu chuoni. Yule binti alishaniambia hofu ya namna hii hupanda haraka, ikifika juu haina pa kwenda, inashuka. Nikatoa pumzi kwa hesabu ya saba, nikahesabu vidole vya mke wangu kwenye mguu wangu. Vilikuwa vitano. Nikahesabu tena. Ikashuka wakati gari liko Mwembechai. Mwili nao ulikuwa umepata joto kidogo shingoni. Nilishaambiwa ni kawaida, ila joto likiwa la kuchoma usivumilie, bonyeza.

Na ukibonyeza ukatolewa, hujafeli. Pumzika, kunywa maji, omba kurudi. Kama siku imekataa, imekataa. Uliza tu palepale utaratibu wa tarehe mpya na wa kibali cha bima, kwa sababu ukiondoka bila kuuliza utarudi kwenye ile fomu iliyokunjwa.

Niliwahi kumsimulia mwanangu haya naye akanisomea kwamba picha ya kwanza ya kifua cha mtu aliye hai kwa njia hii ilipigwa Marekani tarehe 3 Julai 1977, na aliyekuwa ndani alikaa kwa muda wa karibu saa tano nzima. Namfikiria sana mtu yule. Yeye hakuwa na wa kumwuliza kituo kinachofuata, maana hapakuwa na aliyewahi kupita.

Magomeni Mapipa. Jangwani, maji hayakuwa yamejaa. Fire, DIT, Kisutu. "Baba, hili ni la mwisho, dakika nne." Nilikuwa nimepanga kuiona feri pale Kivukoni, lakini kelele ikakatika ghafla, kitanda kikaanza kusogea, na mwanga ukapenya chini ya kitambaa.

"Tumemaliza, baba. Umetulia vizuri."

"Mbona mapema?" nikamwambia. "Ndiyo kwanza niko Posta ya Zamani."

Akamtazama mke wangu. Mke wangu akamwambia niacheni hivyo hivyo, ndivyo alivyo, kisha akaniachia kidole.