"Yes, Sir" Ilivyonitoa Usukanini

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Wiki ijayo nina mtihani wa mdomo wa ubaharia na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nifanyeje?" Mdogo wangu, changu hakikuwa cha kuungaunga hata kidogo, na nusura niipandishe meli kwenye fungu la mchanga.

Nilikuwa kadeti, yaani mwanafunzi wa ubaharia, nimeshika usukani, tunaingia bandarini kwa mkondo mwembamba. Rubani aliyepanda kutuongoza alikuwa mtu wa haraka haraka, kikombe cha kahawa mkononi. Akasema, "Two fifteen," yaani nielekeze meli nyuzi 215 za dira. Mimi nikasikia "two fifty". Nikajibu kwa adabu zangu zote, "Yes, sir," nikazungusha usukani kulia.

Kutoka 215 hadi 250 ni nyuzi 35. Boya lililopaswa kutupita kuliani likaanza kutujia omoni, mbele kabisa ya meli. Nahodha akapiga kelele: "Hard a-port!" Kushoto kabisa! Meli ikalala, kahawa ikamwagika juu ya ramani, na boya likapita karibu kiasi cha kuona kutu na kinyesi cha ndege juu yake.

Chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha, akanitoa usukanini mbele ya watu. "Nani kakufundisha Kiingereza?" Swali hilo linanichoma mpaka leo, kwa sababu darasani nilikuwa wa kwanza. Rubani hakuulizwa kitu! Ilhali misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, SMCP, iliyopitishwa na IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, mwaka 2001, inataka uelekeo utajwe tarakimu moja moja, na upande wa kugeukia utangulie: "Starboard (kulia), steer two one five." Kusema "fifteen" kwa mkupuo ni kwa pembe ya usukani tu. Haya, yamekwisha. (Hayajakwisha.)

Ila na mimi nilikosa. Anayeshika usukani hurudia amri yote kama alivyoisikia. Ningesema "steer two five zero", rubani angeshtuka sijagusa kitu. "Yes, sir" haimwambii mtu umesikia nini. Ukiwa mdogo kicheo, ulimi unaikimbilia kwa woga, ukidhani ni heshima.

Kwa hiyo vijana, acheni kukariri maneno makubwa. Mwaka 1990 meli ya abiria Scandinavian Star iliwaka moto, wakafa watu 159. Mabaharia wake wengi walishindwa kuelewana wao kwa wao, sembuse na abiria. Usiku ule hakuna aliyehitaji insha. Yalihitajika maneno machache ambayo kila mtu anayajua kwa maana moja. Ndiyo maana hata "may" na "can" tunaambiwa tuziepuke redioni, kwani mmoja huelewa ameruhusiwa, mwingine anaelewa inawezekana tu.

Rudia amri. Hujaelewa, sema "Say again." Usiseme "repeat", hiyo ni ya kukazia jambo ulilokwisha kulisema mwenyewe. Na rudia amri, nimesema?

Siku hizi zamu ni yangu. Kijana akinijibu "Yes, sir" namwambia "Say again" mpaka aitaje namba. Mmoja alininunia wiki nzima, na mimi nikamwacha anune.

Yule wa mtihani nilimtumia haya yote kwa kifupi. Kajibu, "Sawa kaka." Sawa nini, hakusema.