Jibu: Mhudumu wa usafi kachomwa na sindano iliyokuwa kwenye mfuko wa taka

Pole sana dada, na umfikishie pole huyo mama. Umeuliza kama asubiri hadi Jumatatu mganga mfawidhi arudi. Asisubiri! Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue wala kulitia klorini, kisha aende leo hii kwenye kituo chenye dawa za kinga ya VVU. Dawa hizo huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Atazimeza kwa siku 28. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini B. Wahudumu wa usafi husahaulika sana kwenye chanjo hiyo, na jambo hili linaniuma.

Halafu chunguzeni sindano ilifikaje kwenye mfuko. Mara nyingi boksi la kutupia sindano zilizotumika huwa mbali na kitanda, au limejaa pomoni. Liwe palepale mgonjwa anapochomewa, lifungwe likifika robo tatu, na mtu asirudishie kifuniko cha sindano. Andikeni tukio kwenye rejista bila kumsaka wa kuadhibiwa, maana wauguzi wakiogopa watanyamaza. Na glavu nyembamba za wodini hazimkingi anayebeba taka: mpeni glavu nzito na buti.